Poda ya Nyumbani Ikikupausha, Ikikuwasha au Ikiota Ukungu: Tafuta Chanzo Kwanza

Poda ya kutengeneza nyumbani ikiharibika, wengi wetu hukimbilia kuongeza kitu. Imepauka, tia kakao. Inapukutika, tia mafuta. Inanuka, tia marashi. Baada ya wiki kopo lina vitu tisa, uso unawasha, na hakuna awezaye kusema kipi kinawasha. Mimi nimekuwa nikitengeneza poda jikoni kwangu Tanga kwa miaka kadhaa, ya kwangu na ya maharusi ninaowapamba, na nilichojifunza ni kwamba mara nyingi hakuna kilichopungua. Kuna kilichozidi: maji yaliyobaki ndani ya unga, chembe ambazo hazikupita kwenye kitambaa, au weupe ambao ngozi yetu haiuhitaji. Kwa hiyo kabla hujaongeza chochote, kausha upya, chekecha upya, kisha ndipo uendelee kusoma hapa chini.

Ili tuelewane, huu ndio mchanganyiko ninaoanzia kwa mtu wa rangi ya maji ya kunde: vijiko 4 vya chai vya wanga wa mhogo, kijiko 1 cha kaolini (udongo mweupe laini wa vipodozi), vijiko 3 vya kakao isiyo na sukari, oksaidi nyekundu ya chuma iliyotengenezwa kwa vipodozi kiasi cha ncha ya kisu, na matone 3 ya mafuta ya jojoba. Basi. Hakuna mdalasini, hakuna ndimu, hakuna magadi, hakuna manukato. Kwa aliye mweusi zaidi, kaolini inatoka kabisa na kakao inapanda hadi vijiko 5. Ukiwa na tatizo, linganisha na hapa uone wewe ulikwenda njia gani.

"Nikipaka nafanana na mtu aliyepakwa majivu"

Hili ndilo ninaloulizwa kuliko yote, na ndilo linalowafanya wengi waache na kurudi kwenye poda za dukani zisizofanana na ngozi zao. Maelekezo mengi yanayozunguka yaliandikwa kwa ngozi nyeupe. Huanza na oksaidi ya zinki vijiko viwili, halafu wanga, halafu kakao "kidogo ya kutia rangi". Kwa mtu mweupe hiyo ni sawa. Kwa sisi ni chokaa.

Sababu iko kwenye jinsi kila unga unavyocheza na mwanga. Wanga ukiwa mkavu ni mweupe, lakini ukikutana na mafuta ya ngozi weupe wake karibu wote unapotea na ngozi inaonekana kupitia kwake. Ni kama karatasi iliyofungiwa maandazi: pale ilipolowa mafuta unaona upande wa pili. Zinki haifanyi hivyo. Ilowe mafuta, ilowe jasho, itabaki nyeupe na itaendelea kurudisha mwanga. Kaolini iko katikati. Kwa hiyo kama umepauka na mchanganyiko wako una zinki, usihangaike na kakao. Tengeneza upya bila zinki. Zinki ndiyo inayomfanya bibi harusi aonekane sawa kwenye kioo, halafu picha zilizopigwa kwa mwanga mkali zitoke na uso mweupe juu ya shingo nyeusi.

Najua mtu atasema zinki inakinga jua. Ni kweli inakinga, ikiwa imesambazwa sawasawa ndani ya krimu na kupimwa maabara. Vumbi la zinki ulilochanganya kwa kijiko na kupaka kwa brashi huwezi kujua linakinga kiasi gani, na kudhani linakinga ni hatari zaidi kuliko kujua huna kinga. Hasa kama nyumbani kuna mwenye ualbino, tafadhali usimpe poda ya jikoni badala ya losheni. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC, Moshi, ndiko ilikoanza kutengenezwa Kilisun, losheni ya kukinga jua kwa ajili yao, na kliniki za ngozi zinaweza kuelekeza pa kuipata.

Kama zinki haimo na bado unapauka, tazama kakao yako. Ukichanganya kakao na unga mweupe hupati kahawia nyepesi ya ngozi ya binadamu. Weupe unameza wekundu wa kakao na unabakiwa na rangi ya vumbi la barabarani. Ngozi nyeusi ina wekundu na manjano chini yake, na hicho ndicho kinachokosekana. Hapo ndipo ile ncha ya kisu ya oksaidi nyekundu inapofanya kazi. Ongeza kidogo kidogo mno, maana ikizidi unakuwa na rangi ya tofali. Rangi hiyohiyo ya chuma ndiyo inayofanya ngeu iwe nyekundu, lakini usichimbe ngeu wala udongo mwekundu uwanjani ukaupaka usoni. Udongo usiopimwa unaweza kuwa na madini ya risasi, na unabeba vimelea, vikiwemo vya pepopunda, ambavyo moto wa jikoni hauvimalizi. Vivyo hivyo udongo wa kula unaouzwa sokoni, hata ukiwa mweupe kama kaolini.

Jambo jingine ni aina ya kakao. Iliyotiwa magadi kiwandani huwa nyeusi zaidi, na baadhi imefifia, haina uhai. Ile ya kawaida, kama inayotokana na mbegu za Kyela, huwa na wekundu mzuri. Na isome nyuma ya kopo: kiambato kiwe kimoja tu. Kakao ya kunywa yenye sukari na maziwa itakuletea sisimizi kabla ya kukuletea urembo.

Usihukumu rangi ndani ya bakuli. Paka kwenye taya, simama mlangoni penye mwanga wa mchana, subiri dakika 20, halafu ndipo utazame.

Asubuhi rangi ni sawa, saa saba mchana uso ni mweusi kuliko shingo

Huyu ni jirani wa tatizo la juu. Kakao inafyonza mafuta na jasho, na unga wowote wenye rangi ukilowa huonekana mweusi zaidi. Anayetokwa na mafuta kipaji cha uso na puani ataona mabaka. Punguza kakao kwa theluthi moja na uzibe pengo kwa oksaidi za chuma, nyekundu na njano, ambazo hubadilika kidogo zaidi. Na angalia ulichopaka chini. Juu ya mafuta ya mgando hakuna poda itakayokaa rangi moja. Paka losheni nyepesi, subiri dakika 10, gusa uso kwa karatasi laini, halafu poda.

Ukiona rangi ni nzuri uso ukiwa mkavu tu, basi uliipima vibaya: itengeneze iwe nyepesi kidogo kuliko unavyotaka ionekane.

Inakwaruza

Chukua kidogo katikati ya dole gumba na kidole cha shahada, sugua karibu na sikio. Ukisikia sauti, au ukihisi mchanga, poda hiyo haifai usoni hata kama rangi yake imependeza.

Chanzo cha kwanza ni kuchanganya wanga na unga. Unga wa mhogo, yaani makopa yaliyotwangwa, una nyuzinyuzi ndani yake na hauwi laini hata uusage mara kumi. Wanga ni kile kinachotuama chini ya maji. Unamenya mhogo mtamu, unaukuna, unaukoroga kwenye maji mengi, unaukamua kwa kitambaa, kisha maji yale yenye weupe unayaacha yatulie saa 5 au 6. Mwaga maji ya juu, tia mapya, koroga tena, acha tena. Mara tatu. Safu ya mwisho iliyoganda chini ya beseni, nyeupe, inayovunjika kama chaki ikikauka, ndiyo tunayoitaka. Ile safu ya kijivu inayokaa juu yake ikwangue kwa kijiko uitupe.

Chanzo cha pili kinanihuzunisha kwa sababu kinamkuta mtu aliyejitahidi. Alikamua vizuri, akatuamisha vizuri, halafu masika yakaingia, jua likakosekana, akaweka wanga mbichi jikoni juu ya moto au ndani ya oveni kali. Wanga wa mhogo ukiwa bado na maji huanza kuiva kwenye nyuzi joto 60 hivi. Unageuka gundi, gundi inakauka, inakuwa kama vipande vya kioo. Ukisaga unapata chenga ambazo hakuna chekeche itakayozilainisha. Hazirekebishiki, zipikie uji. Mara nyingine tandaza wanga mwembamba kwenye sinia, funika kwa kitambaa chepesi, weka penye upepo au mbele ya feni siku 2 au 3. Ukishakauka kabisa, ndipo joto dogo linaweza kuumalizia.

Mwisho ni chekeche yenyewe. Chujio la chai halitoshi. Pitisha kwenye chujio kwanza, kisha kwenye kitambaa cha hariri au soksi nyepesi ya kike iliyo safi, iliyofungwa mdomoni mwa kikombe, ukigonga taratibu. Bibi yangu alichekecha unga wa mchele wa kupaka kwa melimeli iliyokunjwa mara mbili, mlango umefungwa ili upepo usiingie, na hakuzungumza mpaka amalize. Nilidhani ni desturi. Kumbe alikuwa anazuia vumbi lisimwingie kifuani, na alikuwa sahihi: funga pua na mdomo unapochekecha, na usifanye kazi hii karibu na mtoto mchanga. Unga ukiwa laini hivi ni mbaya kwenye mapafu hata kama ni chakula.

Haishiki, inapukutika hadi kwenye gauni

Poda za viwandani zina vitu vya kuifanya ing'ang'anie ngozi. Sisi tuna kaolini na mafuta kidogo. Kama hukutia mafuta, tia tone moja kwa kila vijiko 3 vya poda, lakini si kwa kudondosha na kukoroga. Dondosha kwenye kijiko kimoja cha unga, sugua kwa vidole mpaka tone lipotee, halafu changanya kijiko hicho na unga wote uliobaki na uchekeche tena. Anayedondosha moja kwa moja hupata vibonge vyenye mafuta na unga mkavu pembeni, kisha analalamika matatizo mawili kwa siku moja.

Inajikusanya mabonge, inajaza mistari ya uso

Kama ni ndani ya kopo: unyevu. Sisi wa pwani tunaishi na hewa yenye maji, na wanga unayavuta. Kausha mchanganyiko upya, tia ndani ya kopo dogo linalofunga, na usiweke bafuni. Weka ndani kifuko cha kitambaa chenye mchele mkavu ukitaka, ingawa kopo dogo lisilofunguliwa ovyo lina msaada zaidi.

Kama ni usoni: umepaka nyingi juu ya uso wenye maji. Wanga na jasho ni tope. Futa jasho kwanza, ndipo uguse kwa brashi. Usisugue.

Uso unawasha, unachoma, au umetoka vipele

Hapa simama. Nawa kwa maji tu, usipake kitu kingine kwa siku mbili, na poda hiyo usimpe mtu.

Mdalasini ndiye mshukiwa wangu wa kwanza kila mara. Watu huutia kwa rangi yake na kwa kuwa ni wa shambani, unatoka Unguja au Muheza, bibi anautia kwenye chai. Lakini kile kinachoupa harufu ndicho kinachochoma ngozi, na mwili ukishajifunza kuukataa, utaukataa hata siku nyingine kwa kiasi kidogo. Karafuu nayo inaweza kuwasha vivyo hivyo. Ukinunua kakao au manjano iliyosagwa kwenye mashine moja na viungo, huenda umenunua na mdalasini bila kujua.

Wa pili ni ndimu au limau, iliyotiwa "ing'arishe". Maji na mafuta ya ganda lake yakikaa kwenye ngozi na ukatoka juani, unaweza kupata malengelenge na madoa meusi yatakayochukua miezi kuondoka. Wa tatu ni magadi ya kuokea. Ngozi ina uchachu kidogo, magadi yanauvunja, ngozi inakauka na kuwasha. Na kama poda ilikuja na "unga wa kung'arisha" usio na jina, tupa. Zebaki na haidrokwinoni, kemikali za kuchubua ngozi, bado vinapenya sokoni pamoja na kupigwa marufuku.

Vipele bila mwasho, hasa chunusi ndogo kwenye mashavu, mara nyingi ni mafuta ya nazi au siagi ya kakao vilivyotiwa badala ya jojoba, ama brashi ambayo haijaoshwa tangu sikukuu. Osha brashi kila wiki, na ikauke kabisa.

Kila mchanganyiko mpya ujaribu kwanza upande wa ndani wa mkono, karibu na kiwiko, siku 2 mfululizo. Bibi harusi simpaki poda ambayo hajaijaribu wiki moja kabla, hata akinibembeleza. Ukivimba macho au midomo, au kupumua kukawa kugumu, hiyo ni safari ya hospitali sasa hivi.

Waridi la mashavu limepotea, au manjano imehamia kwenye kola

Bitiruti iliyokaushwa inatoa waridi zuri sana siku ya kwanza. Rangi yake haivumilii mwanga wala joto, na sukari yake huvuta maji mpaka unga unanata. Ukitaka kuitumia, kata nyembamba, kausha kivulini, saga, chekecha, weka kwenye kopo jeusi, tengeneza ya wiki mbili tu. Usiitie kwenye mchanganyiko wa uso mzima, ibaki ya mashavu. Rosela watu huipenda pia, lakini ni chachu, inaweza kuwasha, na ikigusana na magadi au sabuni wekundu wake unageuka kuwa wa zambarau au buluu. Kama poda yako ya mashavu imebadilika rangi hivyo, umeshajua kilichomo. Ukichoka na haya yote, oksaidi nyekundu ya chuma haifi rangi.

Manjano ni ya kutumia kwa ncha ya kijiko. Inashika ngozi na nguo. Ukifua kola kwa sabuni doa linageuka jekundu na moyo unaruka. Usiogope, ni sabuni tu inayoligeuza. Suuza mpaka sabuni iishe, kisha anika juani, jua litalififisha. Nunua manjano nzima usage mwenyewe. Manjano ya kusagwa imewahi kukutwa imetiwa rangi yenye risasi ili ing'ae, na Bangladesh ndiko jambo hili lilikochunguzwa na kupigwa vita zaidi.

Inanuka, ina madoa, ina wadudu

Tupa yote. Usikwangue sehemu mbaya ukabakiza nyingine, usichome kwenye oveni, usifunike harufu kwa marashi. Ukungu uliouona ni kichwa tu, mizizi imeshasambaa.

Kisha jiulize maji yaliingia wapi. Mara nyingi ni maji ya waridi. Tumezoea kulowesha liwa, ule mti wa harufu nzuri wa kujipaka, kwa marashi, na Wangazija wa Komoro wanasugua msindzano wao wa kupaka usoni juu ya jiwe kwa maji, lakini hivyo husagwa na kupakwa siku hiyohiyo. Hakuna anayeviweka koponi mwezi mzima. Poda inayokaa haipaswi kuona tone la maji. Sponji iliyolowa ukiichovya ndani ya kopo, umeshapanda ukungu. Mimina kidogo kwenye kifuniko, chovya hapo, na kilichobaki kwenye kifuniko usikirudishe. Andika tarehe kwenye kopo. Ya wanga na kakao mimi siivushi miezi 3, na masika siivushi mwezi mmoja na nusu.

Ya kushindilia imepasuka, au imekuwa ngumu kama tofali

Ya kushindilia hutiwa spiriti kidogo, inabanwa, spiriti inaruka, unga unabaki umeshikana. Ikipasuka, spiriti yako ilikuwa na maji mengi au uliikausha kwa haraka. Ile ya asilimia 70 ya kusafishia vidonda ina karibu theluthi nzima ya maji, nayo hukausha wanga ukajikunja na kuachana. Tafuta ya asilimia 90 au zaidi duka la dawa. Ya zambarau ya kuwashia majiko usiiguse, ina sumu na haiishi yote kwenye unga. Fanya kazi mbali na moto, dirisha wazi.

Ikiwa tofali, brashi inateleza bila kuchukua kitu, mafuta yalizidi. Isage tena, ongeza wanga mkavu theluthi moja ya ujazo wake, chekecha, lowesha kwa spiriti mpaka ifanane na mchanga wa pwani uliolowa kidogo, ule unaoshika umbo la kiganja bila kutoa maji. Tandika kitambaa juu, bana kwa kitako cha chupa iliyo bapa, inua, bana tena upande mwingine. Iache kivulini siku nzima kabla ya kuigusa.